Maji Meupe na Maji Salama: Je, Ni Kitu Kimoja?

Somo la toleo hili linahusu kitu ambacho kila nyumba hapa inakipangia foleni, nacho ni maji. Tunaomba lisomwe nyumbani kwa sauti, ili mtoto ambaye bado hajajua kusoma, na bibi ambaye macho yamechoka, nao wasikie. Mwishoni tumeweka maswali ya kujadili.

Tumechagua somo hili kwa sababu kuna maneno tunayoyasikia mara nyingi bombani na kisimani: "Maji haya ni meupe, hayana shida." Maneno hayo yamewagharimu watu wengi maisha. Mwezi wa Julai 1994, zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Ziwa Kivu lilikuwa mbele yao, na maji yake kwa macho ni meupe. Lakini ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, vyoo havikuchimbika, na uchafu ukaingia ziwani. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Macho peke yake hayatoshi kupima maji. Inatupasa kujua kilichomo ndani yake, na jinsi kila kitu kinavyotolewa.

1. Maji ni nini?

Maji tunayaandika H2O. Maana yake ni kwamba kila chembe ndogo kabisa ya maji, inayoitwa molekuli, ina atomu mbili za haidrojeni zilizoshikana na atomu moja ya oksijeni. Haidrojeni peke yake ni gesi inayowaka. Oksijeni peke yake ni gesi inayosaidia moto kuwaka. Zikiungana zinakuwa maji, ambayo tunazimia moto! Muungano wa namna hii unaitwa kampaundi. Huwezi kuutenganisha kwa kitambaa, wala kwa kuchemsha.

Mchanganyiko ni jambo lingine. Ukichanganya maharage na mchele, kila kimoja kinabaki kama kilivyo, na mama akikaa na ungo anaweza kuvitenganisha. Maji ya kisima, ya mto na hata ya mvua ni mchanganyiko, maana daima yamebeba vitu vingine. Swali letu ni hili: yamebeba nini, na kimebebwa kwa namna gani?

2. Jaribio la vikombe vitatu

Jaribio hili linafanyika hata pasipo maabara. Chukua vikombe vitatu vinavyopitisha mwanga, au chupa tatu za plastiki zilizokatwa, uvitie maji. Cha kwanza weka kijiko cha udongo, cha pili kijiko cha chumvi, cha tatu kijiko cha mafuta ya kula. Koroga vyote, kisha vitulize kwa muda wa saa moja.

Kikombe cha udongo: mchanga umekwenda chini upesi, lakini maji ya juu bado yana rangi. Udongo laini unaelea ndani yake. Mchanganyiko huu hauna usawa, juu uko hivi na chini uko vile. Uji ni wa namna hii pia, ndiyo maana mpishi anakoroga kabla ya kugawa.

Kikombe cha mafuta: mafuta yamepanda juu, kwa sababu ni mepesi kuliko maji na hayakubali kuungana nayo. Hata ukoroge kutwa nzima, yatarudi juu.

Kikombe cha chumvi: huoni kitu. Chumvi imepotea machoni, lakini onja maji ya juu, onja na ya chini: ladha ni ile ile. Chumvi imeyeyuka. Mchanganyiko kama huu, ulio sawa kila mahali, unaitwa myeyusho. Maji ndiyo kiyeyushi, na chumvi ndiyo kiyeyushwa.

Kwa nini chumvi inayeyuka na mafuta hayayeyuki? Molekuli ya maji ina pande mbili: upande mmoja una chaji hasi kidogo, na mwingine una chaji chanya kidogo. Chumvi imejengwa kwa chembe za sodiamu zenye chaji chanya na chembe za kloridi zenye chaji hasi. Maji yanazizunguka chembe hizo, yanazivuta moja moja na kuzitawanya. Mafuta hayana pande za namna hiyo, kwa hiyo maji hayapati pa kuyashika. Hapo ndipo sabuni inapotusaidia: kichwa chake kinashika maji na mkia wake unashika mafuta. Ndiyo sababu sufuria yenye mafuta haitakati kwa maji matupu.

Hata hivyo uwezo wa maji una mwisho. Lita moja ya maji ya kawaida inayeyusha chumvi kama gramu 360 tu. Ukizidisha, ile ya ziada inabaki chini kama mchanga.

3. Kila kitu na njia yake ya kutolewa

Tukishajua kilivyobebwa, tunajua pia namna ya kukitoa.

Kinachoelea au kuzama tunakitoa kwa kutuliza maji na kuyachuja kwa kitambaa safi. Lakini udongo laini unaweza kuelea siku nyingi. Sababu ni kwamba chembe zake zote zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na hazikutani. Hapo ndipo shabu inapofanya kazi. Shabu ina aluminiamu yenye chaji chanya. Inaondoa ule msukumano, chembe zinashikana, zinakuwa mabonge na kuzama. Mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa zinafanya kazi inayofanana na hiyo. Lakini angalia sana: shabu na mlonge vinasafisha sura ya maji. Havitoshi kuua vijidudu.

Kilichoyeyuka hakitoki kwa kitambaa wala kwa kutuliza. Ukichuja maji ya chumvi mara kumi, yatabaki ya chumvi. Ili kuvitenganisha ni lazima maji yaondoke kama mvuke. Watu wa Uvinza, mkoani Kigoma, wanaijua kazi hii tangu zamani sana. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu wamechota maji ya chumvi kwenye chemchemi za pale na kuyachemsha kwenye vyungu mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki. Huko Katwe, magharibi mwa Uganda, jua ndilo linalokausha maji ya ziwa na kuacha chumvi.

Jambo hili linatufundisha kuhusu kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutoi kilichoyeyuka. Mvuke unapotoka, madini yanabaki katika maji yaliyopungua. Sehemu za Arusha, kwa mfano, kuna maji yenye fluoridi nyingi ambayo huwatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno. Shirika la Afya Duniani linashauri fluoridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya namna hiyo hata ukiyachemsha asubuhi mpaka jioni, hayaponi.

4. Hata gesi inayeyuka

Fungua chupa ya soda, utasikia "pssss". Gesi ya kabonidayoksaidi ilikuwa imeyeyushwa ndani kwa mgandamizo. Kabla ya kufungua hukuiona. Mgandamizo ulipopungua, ikatoka.

Ndugu zetu waliotoka pande za Goma na Bukavu wanalijua Ziwa Kivu, lakini huenda si wote wanaojua kwamba kilindini limefanana na chupa ya soda iliyofungwa. Uzito wa maji ya juu umezuia takriban kilometa za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani zilizoyeyuka huko chini. Kule Kamerun, Ziwa Nyos lilitoa gesi yake ghafla usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na watu wapatao 1,700 wakafa kwa kukosa hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni. Ndiyo hiyo hiyo ambayo watu wa Goma wanaiita mazuku, inayotoka ardhini na kuua mbuzi na hata watu kwenye mashimo.

Lakini ujuzi unaweza kugeuza hatari kuwa faida. Huko Karongi, Rwanda, mtambo uliozinduliwa mwaka 2016 unavuta maji ya kilindi cha Kivu, unatoa methani na kuzalisha umeme. Kilichoyeyuka hakionekani, lakini kipo.

5. Vijidudu: havijayeyuka, lakini havionekani

Sasa tufike kwenye adui mwenyewe. Kijidudu cha kipindupindu hakiyeyuki kama chumvi. Ni kiumbe hai kinachoelea katika maji, ila ni kidogo mno. Kinapita kwenye kitambaa cha kawaida kama mbuzi anavyopita kwenye lango la ng'ombe. Maji yenye vijidudu maelfu yanaweza kung'aa kama kioo. Hapa tunazo njia tatu.

Ya kwanza ni kuchemsha. Maji yatokote kweli kweli kwa dakika moja, na kwenye milima mirefu dakika tatu. Huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yanahitaji muda zaidi.

Ya pili ni klorini. Hii ni dawa inayoyeyuka majini, na kwa sababu imeyeyuka inafika kila kona ya ndoo. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, koroga, funika, ngoja dakika 30. Wengi wanalalamikia harufu yake. Wapendwa, harufu kidogo ni dalili kwamba bado kuna mlinzi ndani ya ndoo. Lakini klorini haichagui: inashambulia tope na majani kama inavyoshambulia vijidudu. Ukiitia kwenye maji machafu, inaisha nguvu kabla ya kufika kwa adui. Kwa hiyo utaratibu ni tuliza, chuja, ndipo utie klorini. Na ile klorini kali ya kufulia na kusafishia vyoo kamwe usiichanganye na siki, asidi wala dawa nyingine ya choo. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.

Ya tatu ni jua. Jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, maji yaliyokwisha kuchujwa yakawa meupe. Ilaze juani saa sita. Siku ya mawingu, iache siku mbili. Mwanga wa jua unaua vijidudu, ila haupenyi kwenye maji ya tope.

Na baada ya yote hayo, maji salama yaliyomiminwa kwenye dumu chafu yanarudi kuwa maji ya hatari. Chombo kisafishwe, kifunikwe, na mkono usitumbukizwe ndani.

6. Dawa iliyothibitishwa kambini

Tumeona jinsi myeyusho unavyoweza kuficha hatari. Upo pia myeyusho unaookoa, na sifa yake ilienea duniani kutokea katika kambi ya wakimbizi.

Mwaka 1971, watu wapatao milioni 10 walikimbia vita katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, wakaingia India. Kipindupindu kikalipuka kambini. Huko Bongaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa na maji machache ya kutundika mishipani, nayo yakamwishia wakati wagonjwa wamelala mpaka sakafuni. Akaamua kutumia myeyusho wa kunywa: kwa kila lita ya maji, gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Haukuhitaji sindano wala muuguzi aliyesomea. Mama, dada, jirani, kila mmoja alimnywesha mgonjwa wake kwa kikombe. Kabla ya hapo wagonjwa kama 30 katika kila 100 walikuwa wanakufa. Kwa wale walionywa myeyusho, walikufa pungufu ya 4 katika kila 100. Daktari huyo alifariki mwaka 2022, lakini kazi yake imo katika kila pakiti ya ORS tunayopewa zahanati.

Kwa nini chumvi na sukari pamoja? Ukuta wa utumbo una milango midogo ambayo hufunguka pale sodiamu na glukosi zinapofika kwa pamoja. Zikiingia, maji yanazifuata. Kipindupindu hakiharibu milango hiyo. Maji matupu au chai ya sukari isiyo na chumvi hayaifungui vizuri, na chumvi tupu haiifungui. Ni kama ufunguo wenye meno mawili.

7. Vipimo ndivyo vinavyookoa

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Myeyusho ukiwa mzito kupita kiasi unadhuru. Tazama samaki aliyepakwa chumvi: maji yanatoka nyamani kuifuata chumvi. Ndivyo inavyokuwa tumboni. Chumvi au sukari ikizidi, maji yanavutwa kutoka mwilini kwenda utumboni, na mtoto anazidi kukauka badala ya kupona.

Kwa hiyo:

– Soma pakiti ya ORS ujue ni ya maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, zipo pia ndogo. Pakiti ya lita ikitiwa kwenye nusu lita, chumvi inakuwa maradufu.

– Pima lita kwa chupa unayoijua. Chupa mbili za mililita 500 ni lita moja kamili. Chupa ya bia haifiki lita, hata ile kubwa.

– Wakiugua watoto wawili na pakiti ni moja, usigawe unga kwa macho. Koroga pakiti nzima katika lita nzima, ndipo ugawe myeyusho, kila mtoto na kikombe chake. Myeyusho ni sawa kila mahali, unga sio.

– Tumia maji salama. Kama umeyachemsha, yaache yapoe kwanza. Ukishachanganya usichemshe tena, maana maji yatapungua na chumvi itabaki, kama kule Uvinza.

– Myeyusho uliokaa saa 24 umwagwe, utengenezwe mwingine.

– Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe, kisiwe na mlima. Onja kabla ya kumpa mtoto: kisizidi machozi kwa chumvi.

Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu kikombe, na wa miaka miwili hadi kumi apewe nusu kikombe mpaka kimoja, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole kwa kijiko. Mama aendelee kunyonyesha. Vidonge vya zinki vinavyotolewa zahanati vimalizwe siku zote alizoagizwa, hata kama kuhara kumekoma. Na macho yakibonyea, au mtoto akilegea, akashindwa kunywa, akahara damu au kuhara maji mengi kama ya mchele, apelekwe zahanati mara moja, huku akinyweshwa njiani. Asisubiri asubuhi.

Wapendwa, wengi wetu tulivuka mpaka bila kitu mkononi. Lakini kipimo cha lita moja, vijiko sita na nusu kijiko hakihitaji sanduku la kubebea, na hakuna awezaye kutunyang'anya. Mfundishe mtoto wako leo, ili siku wewe ukiwa kwenye foleni ya posho na mdogo wake akaanza kuhara, naye ajue la kufanya.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Taja kitu kimoja jikoni kinachoyeyuka majini na kimoja kisichoyeyuka. Umejuaje?

2. Jirani anasema ametia shabu, maji yamekuwa meupe, basi anakunywa. Utamshauri nini?

3. Kwa nini klorini inatiwa baada ya kuchuja na si kabla?

4. Je, kuchemsha kunaondoa chumvi katika maji? Eleza kwa mfano wa Uvinza.

5. Mama ametia pakiti ya lita moja kwenye chupa ya mililita 500. Kuna hatari gani, na afanye nini ili kuurekebisha myeyusho huo bila kuumwaga?

Jibu la swali la tano, kwa kuwa ni la uhai: aongeze mililita 500 nyingine za maji salama, akoroge vizuri, ndipo ampe mtoto.